Simu Yangu Haikuwa Yangu Peke Yangu

Kanuni za chuo chetu zilibandikwa mahali pawili, mlangoni na karibu na choo, ili mtu asije akasema hakuziona. Zilianza na kucha: ziwe fupi, zisipakwe rangi. Nywele zisukwe kwa uzi mweusi tu. Sketi ivuke magoti. Blauzi nyeupe ipigwe pasi kila asubuhi, uwe na umeme nyumbani au usiwe nao. Kwa hizo sikuwa na ugomvi. Mgonjwa hapendi kukwaruzwa na mtu aliyekuja kumchoma sindano. Hata ile ya kukataza kucheka kwenye korido niliivumilia, ingawa sikuwahi kuitii. Iliyonichoma ni ya mwisho kabisa, iliyoongezwa kwa kalamu chini ya maandishi ya mashine. Ilisema kwamba uongozi unaweza kukagua simu ya mwanafunzi wakati wowote, na atakayekataa atahesabiwa kuwa na hatia. Siku niliyoisoma nilisimama palepale karibu na choo nikauliza kwa sauti, "Hatia ya nini?" Waliokuwa kwenye foleni walinitazama kana kwamba nimetukana mtu.

Nilikuwa mtu mzima. Nalisema hili mapema kwa sababu chuoni walikuwa wanalisahau. Nilikuwa nimepiga kura, nimezika baba, nimewahi kuongoza mtumbwi wa mama kutoka Yanonge hadi Kisangani mvua ikinyesha. Lakini ukivaa ile blauzi nyeupe na kuingia getini, unakuwa mtoto. Ukikosea unaambiwa, "Kesho uje na mzazi." Kulikuwa na mwenzetu mwenye mke na watoto, na yeye aliambiwa aje na mzazi.

Kilikuwa chuo cha uuguzi hapa Kisangani. Mimi nilikaa Mangobo, na mama yangu alifanya biashara ya samaki wa kukaushwa. Alikuwa akishuka mto hadi Barumbu kununua, kisha akipanda nao kuja kuuza sokoni. Akiwa huko hapatikani kwa simu, mpaka umwone anashuka kwenye baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, akinuka moshi na kudai maji ya kuoga.

Siku ya kwanza nilipotoka nyumbani na blauzi yangu mpya, mtaa mzima ulifanya kosa ambalo sijawahi kufaulu kulirekebisha. Waliniita Docta. Sikuwa nimekaa hata kwenye benchi la darasa. Sikujua mshipa uko upande gani. Nilifika kwenye kona na tayari mwanamke mmoja alikuwa amenionyesha jino. Jioni niliporudi, watu walikuwa wamekaa kwetu wananisubiri, na mama yangu, badala ya kuwaambia ukweli, alikuwa amewawekea viti.

Nilikataa. Niliwaambia mimi ni mwanafunzi tu, nendeni hospitali. Walikubali kwa kichwa na siku iliyofuata wakarudi. Wengi hawakuwa na simu ya kupiga picha, basi walikuja wakaiomba yangu, wakapiga picha ya kidonda, ya upele, ya karatasi ya maabara, ya kitu ambacho wasingeweza kumwonyesha hata mume, wakaiacha humo ili Docta aitazame kwa utulivu. Wenye simu walituma wenyewe. Walituma na sauti pia. Mtu alijifungia chumbani na kunieleza kwa kunong'ona mambo ambayo padri hajawahi kuyasikia. Jibu langu lilikuwa lilelile kila mara, nenda ukapimwe, na nadhani nilisaidia kwa sababu nililisema kwa ukali. Kwa hiyo simu yangu, yenye kioo kilichopasuka na betri iliyovimba, haikuwa simu yangu peke yangu. Mtaa mzima ulikuwa umelala humo ndani bila nguo.

Mwishoni mwa mtaa alikaa mama mmoja mzee tuliyemwita Koko, kama tunavyowaita bibi wote hapa kwetu. Yeye alikuwa na simu yake, na alipenda kutuma sauti kwa sababu macho yalikuwa yamechoka kusoma. Siku moja alinijia na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniuliza maana yake nini, nikamwambia nilichoweza kumwambia, na nikalia mbele yake, jambo ambalo shuleni wanakataza. Yeye hakulia.

"Ule mutoto yangu asijue," akasema. "Akijua, atanitosha huku, atanipeleka kwake Makiso, atanifungia mu chambre na ventilateur. Miye nataka kufia mu parcelle yangu. Siku nitataka ajue, nitamuambia miye mwenyewe."

Kutosha, kwetu, ni kutoa, ventilateur ni feni, na parcelle ni kiwanja cha mtu, na nyumba yake, na mti wake wa parachichi, na wapangaji wake wa nyuma wanaogombana. Koko alikuwa na vyote hivyo na hakutaka kuviacha. Tangu siku hiyo kila jioni alinitumia sauti kunieleza amelalaje, amekula nini, maumivu yamehamia wapi. Ulikuwa ugonjwa gani? Sitasema. Umenisoma mpaka hapa na nakushukuru, lakini Koko hakukutumia wewe ile karatasi. Ukikasirika, kasirika tu.

Sasa, yule mtoto wake. Ndiye alikuwa mkuu wa nidhamu wa chuo chetu, directeur de discipline, na wanafunzi tulimwita DD. Alikuwa amekulia mtaa wetu, akasoma, akahamia Makiso kwenye nyumba za matofali. Ni yeye aliyenisaidia kupata nafasi chuoni, kwa sababu Koko alimwambia anisaidie, na neno la Koko hakulipinga. Mtaa ulifurahi sana. Walidhani nitakuwa na mtu wangu huko. Siku yangu ya kwanza nilimwona kwenye korido nikamsalimia, "Tonton, jambo," yaani mjomba, kama nilivyozoea kumwita tangu nikiwa mdogo. Alinitazama juu ya miwani.

"Hapa hakuna tonton," akasema. "Hapa kuna Monsieur le Directeur."

Sikukasirika wakati ule. Niliona ana haki, kazi ni kazi. Hata hivyo Koko aliendelea kunituma kwake kama vile tuko barazani. Mara kwa mara alinitumia sauti akisema nimwambie mwanawe aje kula, na mimi nilikwenda ofisini, nikasimama wima, nikasema, "Monsieur le Directeur, Mama anasema uende ukale." Alikuwa akijibu bila kuinua kichwa kwamba ana kikao.

Nilipofika mwaka wa mwisho, ilikuwa imebaki stage tu, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Bila stage hupiti mbele ya jury, jopo la watahini, na bila jury hakuna diploma. Mama alikuwa amesomba samaki miaka yote ile kwa ajili ya hiyo diploma. Alishanunua kitambaa cha kushona kwa sherehe, akakificha chini ya godoro akidhani sikijui.

Hapo ndipo ikatokea ile sauti. DD alimfokea msichana mmoja wa darasa letu ofisini kwake. Alikuwa na mimba. DD alimwambia maneno mabaya kuhusu yeye na kuhusu mama aliyemzaa, maneno ambayo sitayarudia. Mtu fulani alikuwa nje ya dirisha na simu, akarekodi. Kufikia jioni maneno hayo yalikuwa yamefika Tshopo, Kabondo na Lubunga ng'ambo ya mto. Waendesha pikipiki waliyaiga wakisubiri abiria. Nitasema haki: yule aliyemrekodi hakufanya vizuri. Mtu kuchukuliwa sauti yake akiwa ofisini kwake, hata akiwa anatukana, si jambo la kushangilia. DD alipita kwenye korido amejikunja, na nilimwonea huruma kwa siku nzima.

Kesho yake huruma ikaisha. Aliingia darasani kumtafuta aliyemrekodi, akifuatana na katibu wake, tukiwa ndiyo kwanza tumerudishiwa mtihani wa maadili ya kazi. Swali kubwa lilikuwa juu ya siri ya mgonjwa, na mimi nilikuwa nimelijibu vizuri, nikafurahi peke yangu.

"Bon," akasema DD. "Kila mutu atoshe telephone yake. Uifungue, utoshe code, uiweke juu ya meza, halafu utoke inje. Mwenye hana kitu ya kuficha, hana kitu ya kuogopa."

Niliwatazama wenzangu wakifanya. Walifanya haraka, macho chini, kama watu wanaovua viatu mlangoni. Wengine walikuwa wakifuta picha chini ya meza. Katibu alianza na simu ya kwanza kabla mwenyewe hajatoka, akaona kitu, akamwonyesha DD, wakacheka. Mwenye simu alikuwa msichana mkimya asiyegombana na mtu. Aligeuka mlangoni akawaona wanacheka. Sijasahau uso wake. Mpaka hapo nilikuwa bado nafikiri, labda nifungue tu, yaishe. Baada ya kicheko kile nilijua sitafungua.

Nilibaki nimekaa, simu iko mfukoni mwa blauzi.

"Weye?" akauliza DD.

"Sitafungua, Monsieur le Directeur."

"Juu ya nini? Unaficha nini?"

"Vitu vya watu."

"Watu gani?"

"Wagonjwa."

Alicheka tena, na safari hii alicheka kwa ajili ya waliokuwa wamejazana dirishani. "Wagonjwa! Iko infirmière tangu lini, huyu? Hauna diplôme, hauna malade, hauna secret. Secret professionnel iko ya professionnel. Weye uko mwanafunzi. Fungua." Yaani siri ya mgonjwa ni ya muuguzi mwenye diploma, na mimi sikuwa naye.

Nataka nieleze jinsi nilivyohisi, kwa sababu baadaye watu walisema nilikuwa jasiri. Sikuwa jasiri. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya jambo dogo: mtihani. Walinifundisha kwamba ninachoona kwa mgonjwa kinabaki kati yangu na mgonjwa, wakanipa alama kwa kulijua, na sasa wananiambia kwamba lilikuwa la kuandika kwenye karatasi tu. Mtaani nilikuwa daktari kabla ya kujua kitu, na hapa nilikuwa si kitu baada ya kujua.

"Sauti yako haimo humu," nikamwambia. "Sikukurekodi. Nakuapia kwa baba yangu. Lakini sitafungua."

Akanyoosha mkono akaichukua mfukoni mwangu mwenyewe. Naam, kwenye blauzi yangu, kifuani, mbele ya watu. Ilikuwa imefungwa, na namba ya siri iko kichwani mwangu. Aliigeuza huku na huku. Na wakati ameishika hivyo, simu ikaita.

Kwenye kioo kilichopasuka palitokea neno moja: Koko.

DD alilisoma akatikisa kichwa. "Tazama. Ata koko yako anakutafuta. Anajua kama mujukulu wake iko kichwa nguvu hivi?"

Alikuwa mama yake. Alikuwa ameishika sauti ya mama yake mkononi na anamcheka, na mimi ningeweza kummaliza kwa neno moja. Ningesema tu, "Pokea." Ninaapa neno hilo lilinifika kwenye meno. Nilinyamaza. Alibonyeza, akaizima, akaiweka mfukoni mwake.

Nikasimamishwa. Hakuna kwenda stage mpaka nije na mzazi na kufungua simu mbele yake. Na yeye, mtu aliyelia kwamba ameaibishwa mji mzima, alibandika jina langu kwenye valve, ule ubao wa matangazo ambao kila mpita njia anausoma, na mbele ya jina akaandika: mwenendo mbaya. Nilipofika Mangobo habari ilikuwa imenitangulia kwa pikipiki.

Jioni hiyo nilijua simu yangu ilikuwa ya nani. Walikuja mmoja mmoja. Mmoja alijifanya anaomba chumvi. Mwingine alileta ndizi, na hajawahi kuniletea ndizi. Kila mmoja aliinama akanong'ona neno moja: "Ile yangu iko mule?" Nikamwambia iko. "Na ataona?" Nikamwambia haoni. Walikuwa wakiondoka wakitembea taratibu, kama watu waliotoka kwa mganga.

Tonton wangu, ndugu ya mama, fundi wa vitanda na milango, alikuja ananifokea tangu barabarani. "Kichwa ya mbao! Mama yako iko Barumbu anaumia na moshi juu yako! Namba ya code ni kitu gani? Mupe, aone, urudie masomo!"

"Tonton," nikamwambia, "na ile picha yako ya juzi imo humo."

Alisimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasafisha koo.

"Bon," akasema. "Alors usimupe."

"Sasa utakuja na mimi kesho, usimame kama mzazi?"

"Miye? Hapana. Atanitazama ku macho." Akaenda zake kupiga randa ubao ambao ulikuwa umeshalainika kitambo. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba sina mzazi wa kwenda naye, wala simu, wala stage.

Koko peke yake hakuja kuuliza. Kwa hiyo nilikwenda mimi. Nilimkuta anatwanga ndizi za kuchemsha kwa ajili ya lituma, ameketi kwa sababu kusimama kulikuwa kumeanza kumshinda, lakini mchi ulipanda na kushuka vilevile. Aliniambia nikae.

"Wanasema ulikatala kufungua."

"Nilikataa, Koko."

"Juu yangu?"

"Juu ya watu wote. Wewe ni mmoja."

Akatwanga kidogo. "Na vile nilipiga, telephone ilikuwa kwa nani?"

"Kwake."

"Aliona jina?"

"Aliona. Akanicheka."

"Na weye haukumuambia Koko ni nani?"

"Sikumwambia."

Mchi ukatulia. Akafuta mikono kwenye kitambaa chake. "Ni muzazi anataka?" akasema. "Kesho tunaenda. Miye si nilizaa?"

Pikipiki alizikataa, alisema zinamtikisa tumbo. Akapanda toleka, baiskeli ya abiria yenye kiti cha sponji, na mimi nikatembea kando nimemshika kiuno, mwendeshaji anakanyaga polepole kama anabeba mayai. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani na kilemba. Njiani alimkemea mwendeshaji kwa kupita kwenye shimo.

DD alikuwa ofisini na katibu wake. Alipomwona mama yake mlangoni alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Mama? Kuna nini? Unagonjwa?"

"Nimeitwa," akasema Koko, akakaa bila kukaribishwa.

"Umeitwa na nani?"

"Na weye. Ulisema mutoto huyu akuye na muzazi. Njo miye huyu."

DD alimwambia katibu atoke. Katibu alitoka kwa shingo upande, akiacha mlango wazi kidogo, nikaufunga mimi. "Mama," DD akasema kwa sauti ya chini, "haya mambo ni ya masomo. Haiko ya avenue, ya mutaa. Utaniharibishia kazi."

"Telephone iko wapi?"

Aliitoa kwenye droo. Koko aliitazama pale mezani.

"Mule kuna sauti yangu," akasema. "Vile ilipiga jana, ukasema koko anamutafuta. Koko ni miye."

Nilimwona DD akielewa. Ilianza kwenye macho, ikashuka mdomoni. Alinitazama mimi, na nilimtazama vilevile. Sikutaka kushusha macho siku hiyo.

"Sauti yako inasema nini, Mama?"

"Ingekuwa ya kusikia weye, ningetumia weye."

"Mama, unagonjwa?"

"Nimezeeka. Sikia. Ile ya kwangu, siku nitataka utaijua, nitakuambia na kinywa yangu. Ile ya watu wengine haikuangalii, haikuhusu. Mutoto huyu walimupa siri, akafunga kinywa, ata vile ulimucheka. Weye unamufukuza juu ya ile kitu munamufundisha?"

"Sauti yangu inatembea muji muzima," DD akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu wa mtaa wetu. "Watu wananicheka ku soko, Mama. Walinirekodi kama mwizi."

"Najua. Ilinifikia na miye. Aliyefanya vile alifanya mubaya. Lakini ile maneno ulitukana mutoto ya watu, si miye nilikufundisha. Na juu ya kutafuta mutu moja, umevua darasa muzima nguo. Rudisha telephone."

Alitaka kukaa. Akakumbuka kiti kimeanguka, akakiinua, akakaa. Akaisukuma simu juu ya meza, si kunipa mkononi, aliisukuma tu mpaka ikafika ukingoni upande wangu. Kisha, kwa kuwa alikuwa ni DD, akasema kanuni ni kanuni na alama zangu za mwenendo zitakatwa. Nikamwambia azikate.

Nilikwenda stage. Nilifika mbele ya jury, na mama yangu akavaa kile kitambaa, akajifanya kakinunua jana. Alama za mwenendo zilikuwa aibu kuzitazama, na mpaka leo ninajivunia hizo kuliko nyingine. Wenzangu walijifunza kitu. DD alipojaribu tena mwezi uliofuata, mmoja alisema, "Mule kuna vitu vya watu," kisha mwingine, kisha meza ya nyuma yote, na hata yule msichana mkimya aliiweka simu yake chini ya makalio akaikalia. Siku yangu ya mwisho chuoni nilikwenda karibu na choo na kalamu ya bic nyekundu, mchana watu wakinitazama, nikaukata ule mstari wa kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nasikia uliandikwa tena. Nasikia pia ulikatwa tena, na si mimi.

Koko alifia kwenye parcelle yake, kitandani kwake, wapangaji wa nyuma wakiwa wanagombana kama kawaida. Nilikuwa nimeshaanza kazi kwenye kituo cha afya, na mimi ndiye niliyemwosha vidonda mpaka mwisho. Ukweli alimwambia mwanawe yeye mwenyewe, mwishoni kabisa, wakati hata mtu asiyeambiwa angeona. Ndivyo alivyotaka.

Matanga yalifanyika palepale, chini ya hema la plastiki, viti vimekodiwa, watu wanaimba. Mchana DD alikuja akakaa kiti cha jirani na changu. Hakuwa na miwani.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, Tonton."

Hakunirekebisha. "Tangu ile siku ya bureau, na Mama?"

Sikumjibu. Tangu lini nilijua ni jambo la Koko pia.

"Sauti zake ziko bado mu telephone?"

"Ziko."

Akanyoosha mkono. Mkono uleule ulioingia mfukoni mwangu, umefunguka, unasubiri. "Nipe nisikilize. Moja tu. Ata moja."

Nilikuwa na hasira, na nilimwonea huruma, vyote pamoja, na sikujua kipi kitanishinda. Nikaitoa simu. Ilikuwa mpya, lakini sauti zote nilizihamisha. Nilifungua namba ya siri mbele yake, naye akageuza uso pembeni asiione. Nikazipita zile za jioni, moja baada ya nyingine, zile za maumivu, zile ambazo yeye angelipa chochote kuzisikia. Hizo Koko hakumwachia. Nikasimama kwenye moja ya mchana, nikaiweka simu sikioni mwake nimeishika mwenyewe.

"Docta," ikasema sauti ya mama yake, na nyuma yake mchi unasikika, "uko fasi gani? Lituma iko moto, samaki itapoa. Na ule mutoto yangu, umuambie naye akuye tukule."

Alifumba macho. "Uliniambia," akasema.

"Nilikuambia."

"Nikasema niko na réunion."

"Ulisema hivyo."

Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa. Akautazama, akaurudisha kwenye paja. Kisha akaniomba nirudie. Nikarudia, kila alipoomba nikarudia, na simu ilibaki mkononi mwangu.